Friji ya baba ya mwaka 1986: tuitengeneze au tununue mpya?

SWALI: Habari yako fundi. Naandika kutoka Lurambi, Kakamega. Mama yangu yuko nyumbani Vihiga na bado anatumia friji ambayo marehemu baba alinunua 1986. Tangu nipate akili sijaona fundi akiifungua. Mwezi uliopita ilianza kuunguruma mchana kutwa bila kugandisha hata maji. Mimi kwa miaka 9 nimenunua friji 2, na ya pili ilizimika baada ya radi kabla hata ya kumaliza mwaka. Pasi ya mama ni ya wakati huo huo na bado inapiga nguo vizuri. Mimi nimeshatupa pasi 4. Ndugu zangu wanataka tuchange tumnunulie mama friji mpya. Yeye amekataa, anasema vitu vya siku hizi ni makaratasi, tutafute fundi aifufue ile ile. Nani ana haki kati yetu?

JIBU: Dada yangu, kuhusu pasi mama ana haki. Kuhusu friji hana. Nitakueleza kwa urefu, kwa sababu ukienda Vihiga na maneno ya "fundi amesema" tu hatakusikia, na mzee aliyelinda chombo karibu miaka 40 anastahili kupewa sababu.

Natengeneza vyombo vya stima hapa Kisumu tangu 1997. Karibu kila wiki mtu anasimama mbele ya meza yangu na kuniambia maneno ya mama yako. Mara nyingi ni mtu aliyechukua pesa za chama akanunua friji, waranti ikaisha mwezi wa tano, friji ikafa mwezi wa sita. Uchungu wake ni wa kweli na mimi huwa sibishani naye. Lakini maneno hayo yanabeba mambo mengi kwa pamoja, na mengine si ya kweli.

Tuanze na friji ambazo hamzioni. Nilipokuwa najifunza kazi, uwanja wa mwalimu wangu ulijaa friji zilizokufa, na zote zilikuwa za miaka ya 1970 na 1980. Kompresa, zile pampu za kusukuma gesi, zilizoshika, milango iliyooza kwa kutu chini, koili za kugandishia zilizotobolewa kwa kisu na mtu aliyekuwa na haraka ya kutoa barafu. Zilikuwa nyingi mpaka tulikuwa tunakalia moja wakati wa chai. Wenye chuma chakavu walizibeba moja moja na leo hakuna anayezikumbuka. Uliza majirani wa mama pale kijijini: kuna nyumba utakuta friji ya zamani imesimama pembeni jikoni bila waya, ndani mna unga, sukari na vitabu vya shule, kwa kuwa panya hawaingii. Hiyo nayo ni friji ya zamani. Ya baba yako ndiyo iliyobaki kati ya wenzake, na iliyobaki ndiyo inayosimuliwa. Kule Livermore, California, kuna balbu inayowaka tangu 1901, na watu husafiri kwenda kuiona. Inawaka kwa mwanga hafifu sana, na haizimwi wala kuwashwa, na kuzima na kuwasha ndiko kunakoua balbu. Zile nyingine za mwaka huo ziliungua zamani na hakuna aliyezijengea sifa.

Halafu kuna bei, na hapa naomba umuulize mama mwenyewe: baba alitumia mishahara ya miezi mingapi kununua ile friji? Mwaka 1986 kitu cha kutoka nje kilihitaji leseni ya kuagiza, na fedha za kigeni zilikuwa zinagawiwa na serikali. Mlango huo haukufunguliwa vizuri mpaka mwaka 1993. Nyumba zenye stima huku kwetu zilikuwa za kuhesabu. Friji ilinunuliwa na mtu aliyejipanga kwa miaka, akanunua mara moja, na duka lilikuwa na aina mbili au tatu tu, zote za daraja la juu. Leo hii ukiingia duka lolote kubwa la Kisumu au Nakuru unakuta friji 30 zimepangwa, na ile inayonunuliwa zaidi ni ya bei ya chini kabisa. Kulinganisha friji ya baba na hiyo ya chini ni kama kulinganisha suti aliyoshonewa baba ya harusi na shati la soko la Jumapili pale Kibuye. Ukichukua idadi ya mishahara aliyotumia yeye, ukaizidisha kwa mshahara wako wa leo, utapata friji ambayo hata mama ataigonga mlango na kukubali.

Sasa nikuonyeshe tofauti ya kweli, maana ipo, na pasi ndiyo inaieleza vizuri.

Nikifungua pasi ya aina ya ile ya mama, nahitaji bisibisi moja na spana moja. Naondoa kifuniko cha nyuma cha waya, natoa nati ya juu, na mpini wote unanyanyuka. Chini yake kuna bamba zito la chuma, koili ya joto imekaa ndani yake au imelazwa kati ya karatasi mbili za maika, na pembeni kuna themostati: vipande viwili vya metali tofauti vilivyobanwa pamoja, kimoja kinatanuka kuliko kingine, joto likipanda vinajikunja na kukata moto. Basi. Hakuna kingine mle ndani. Vidole vyangu vinafika kila mahali, na kila kipande kinaweza kutoka peke yake na kurudi peke yake. Uzito ule unaouona mama kama ubora una kazi pia: bamba zito linashika joto, kwa hivyo hata stima ikipotea katikati ya shati, kola inamalizika.

Pasi ya pili, ile ya bei nafuu uliyoitupa. Nikiigeuza naona skrubu yenye kichwa cha ajabu cha pembe tatu, ambacho bisibisi za kawaida haziingii. Nikiipata bisibisi yake, chini ya skrubu kuna vibanio vya plastiki vilivyotengenezwa viingie na visitoke, nikilazimisha vinavunjika. Ndani, mara nyingi kilichokufa ni kitu kimoja kidogo kama punje ya mchele: fyuzi ya joto, iliyovishwa soksi nyeupe ya nyuzi. Kitu cha shilingi chache. Pasi nzima imetupwa kwa sababu ya punje hiyo, na kwa sababu mtengenezaji hakutaka mtu aifikie.

Lakini subiri kabla hujamlaani. Ile fyuzi iliwekwa kwa sababu nzuri. Vidole vya themostati vikishikana kwa moto, pasi haikati tena. Inaendelea kupanda joto mpaka meza iungue. Pasi ya mama haina fyuzi hiyo. Siku themostati yake itakaposhikana, kitakachoizuia ni pua ya mama tu, akisikia harufu. Nimewahi kuitwa kwenye nyumba moja Nyalenda ambapo pasi ya zamani, nzuri, isiyokufa, ilitoboa meza na kuanguka sakafuni ikiwa bado nyekundu. Kwa hiyo nikisema mama ana haki kuhusu pasi, nasema ana haki ya kuitunza kwa sababu inafunguka na inatengenezeka. Usalama wake ni jambo tutalirudia mwishoni.

Hapo ndipo ninaposimama mimi baada ya miaka hii yote. Mtu akiniletea chombo na kuniuliza kama ni kizuri, siangalii mwaka wake. Nakigeuza nione kinafungwaje, nauliza kama vipuri vyake vinauzwa hapa Kisumu au angalau Nairobi, halafu nauliza kinakula stima kiasi gani. Pasi ya zamani inafaulu yote matatu, kwa kuwa pasi yoyote, iwe ya jana au ya 1970, inageuza stima kuwa joto kwa kiwango kile kile. Hakuna teknolojia mpya ya kupunguza hapo. Friji ni hadithi nyingine kabisa.

Friji haitengenezi baridi. Inahamisha joto kutoka ndani na kulitoa nje, na joto hilo linarudi ndani usiku na mchana kupitia kuta na mlango. Friji nyingi za zamani zina kuta zilizojazwa pamba ya kioo au sponji iliyokwisha kunywa unyevu kwa miaka. Raba ya mlango imekauka. Mota ya kompresa ilitengenezwa wakati hakuna aliyehesabu yuniti. Jaribu hili ukienda nyumbani: chukua noti ya shilingi 100, ifungie kwenye mlango wa friji, halafu ivute. Ikitoka kama unaivuta kwenye kitabu, raba imekufa na baridi inamwagika sakafuni. Zungusha noti pande zote nne, na usisahau upande wa bawaba.

Marekani, ambako mambo haya yamepimwa kwa muda mrefu, friji ya kawaida ya katikati ya miaka ya 1970 ilikula takriban yuniti 1,800 kwa mwaka. Za sasa nyingi ziko chini ya 500, na ni kubwa zaidi. Zao zilikuwa majumba. Zetu ni ndogo. Kwa hiyo nikupe kipimo cha hapa. Niliwahi kupima friji moja ya zamani pale Milimani, ya milango miwili, yenye umri karibu na ya baba yako, kwa muda wa wiki nzima: yuniti 2.7 kwa siku. Mwenyewe alipoibadilisha nikapima mpya ya ukubwa huo huo: 0.8. Tofauti ni yuniti 1.9 kila siku. Tukichukua yuniti moja kuwa shilingi 25, hiyo ni shilingi 47 na senti 50 kwa siku, zaidi ya 17,000 kwa mwaka. Ndani ya miaka miwili au mitatu, ile friji "isiyotumia pesa" imekula bei ya friji ndogo mpya, na mama ameilipa kupitia tokeni bila kuiona.

Unaweza kupima mwenyewe bila kifaa chochote. Usiku, zima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa friji. Nenda kwenye mita, andika namba ya yuniti zilizobaki, na asubuhi kabla ya mtu kuwasha taa uandike tena. Au hesabu kile kitaa chekundu kinachopepesa. Juu ya mita imeandikwa kinapepesa mara ngapi kwa yuniti moja. Mwonyeshe mama hizo namba mbili kwenye karatasi. Namba za mita yake mwenyewe zitamgusa kuliko maneno yangu.

Sasa ule ugonjwa wenyewe. Friji inaunguruma mchana kutwa na haigandishi. Iache iwake dakika 20, halafu gusa ule wavu mweusi wa nyuma, mgongoni. Ukiwa na joto juu na ukapoa kuelekea chini, gesi ipo na kompresa inasukuma. Tatizo linaweza kuwa raba, themostati au vumbi tu, na hapo ni kazi ya asubuhi moja. Ukiwa baridi wote, gesi imetoka au kompresa imechoka ndani. Kwa umri ule, nadhani utaukuta baridi.

Na hapo ndipo ninapokuomba usikubali kuitengeneza. Friji ya 1986 karibu bila shaka inatumia gesi ya R12. Hiyo ndiyo iliyogunduliwa kuwa inakula tabaka la ozoni, na Mkataba wa Montreal wa 1987 ukaanza kuiondoa. Nchi kama yetu zilipewa mpaka 2010. Kilo moja ya gesi hiyo hewani inapasha dunia joto zaidi ya mara 10,000 ya kilo moja ya hewa ya ukaa. Fundi atakayekuambia "nitaijaza" atafanya moja kati ya haya. Ataweka R134a bila kubadilisha mafuta ya kompresa, na gesi hiyo haichanganyiki na mafuta ya zamani. Mafuta yatakwama kwenye mirija, kompresa itakaukiwa, na baada ya miezi michache mtaitana tena. Au ataweka gesi za jamii ya ile ya kupikia, na friji itagandisha vizuri sana, mama atafurahi. Lakini friji ya zamani ina themostati na swichi ya taa ndani ya kabati, na zote zinatoa cheche kila zinapowaka na kuzima. Gesi ikivuja mle ndani usiku, mlango umefungwa, cheche moja inatosha. Friji za sasa nyingi zinatumia R600a, nayo inawaka moto pia, lakini ndani mna gramu 30 hadi 60 tu na swichi zake zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Usimruhusu mtu kuigeuza ya mama.

Nilifanya makosa ya aina hiyo mwanzoni, kama mafundi wote wa wakati wangu. Tulikuwa tunakata mrija na kuachia R12 hewani, inapiga mluzi mpaka inaisha, kisha tunaendelea na kazi. Hakuna aliyetufundisha vingine. Siku hizi nikisikia mluzi ule kwenye karakana ya kijana najisikia vibaya kweli kweli, na huwa naenda kuzungumza naye.

Tuje kwenye friji zako wewe, maana hapo malalamiko yako yana msingi. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni mmoja wa sehemu zenye ngurumo nyingi zaidi duniani. Mchana hewa ya ziwa inapanda kuelekea vilima vya Nandi na Kakamega, inakutana na hewa ya milimani, na kufikia saa kumi jioni Lurambi yote inatetemeka. Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga laini mbali huko, msukumo unasafiri kwenye waya. Halafu stima inapotea, na inaporudi inarudi kwa kishindo. Friji ya baba iliyavumilia hayo kwa sababu ndani yake hakuna kitu cha kuungua kirahisi: kompresa, rilei, themostati na taa. Msukumo ukija, kilinzi cha kompresa kinakata, unasikia "tak!", kinapoa, kinajaribu tena. Friji yako mpya ina bodi yenye vipande vidogo visivyopenda hata volti 300. Hiyo bodi ndiyo inayoifanya ile kompresa ya inveta, inayobadili kasi yake kulingana na kazi, kula stima kidogo, na hiyo hiyo ndiyo inayokufa.

Umeshaitupa? Kama bado iko nyumbani, usiitupe. Mwambie fundi aifungue ile bodi nyuma mbele yako. Pale waya za stima zinapoingia, ataona fyuzi ndogo ya kioo, na karibu nayo kidude bapa cha mviringo, mara nyingi cha buluu, mfano wa kifungo cha koti. Kazi yake ni kujitoa mhanga: msukumo ukija kinapasuka ili bodi iliyobaki ipone. Kikiwa kimepasuka au kimekuwa cheusi, kinabadilishwa pamoja na fyuzi kwa pesa kidogo sana, na mara nyingi friji inaamka. Nimeamsha friji na televisheni nyingi zilizoambiwa "bodi imekufa, nunua mpya" kwa kubadilisha vitu hivyo viwili tu. Si kila mara. Ila fundi ambaye hajafungua bodi hana haki ya kuizika.

Na mkinunua mpya, usiiunganishe moja kwa moja kwenye soketi. Nunua friji gadi nzuri. Stima ikirudi, inasubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu, na dakika hizo zina maana: shinikizo la gesi pande mbili za kompresa linahitaji kulingana kwanza, ama sivyo kompresa inaanza kazi ikiwa imebebeshwa mzigo. Ngurumo zikianza, chomoa plagi kabisa. Na mwite fundi wa waya apime athi ya nyumba. Nimekuta nyumba nyingi za Kakamega na Vihiga ambazo ile fimbo ya shaba iliyozikwa ardhini iliibwa zamani na mwenye nyumba hajui.

Ugonjwa wa pili wa friji za sasa hauna dawa rahisi. Zamani ule wavu wa kutoa joto ulikuwa nje mgongoni, ungeweza kuuosha na hata kuulehemu. Leo mirija imefichwa ndani ya kuta, ya chuma chembamba, imezungukwa na sponji. Kuna mmoja unaopita kuzunguka fremu ya mlango ili pasitoke jasho. Kwa unyevu wa huku unashika kutu, unavuja, na hakuna namna ya kuufikia bila kuchana friji. Huwa tunaukata na kuuruka, friji inaishi miaka kadhaa zaidi ikitoa jasho kwenye fremu. Ndiyo sababu mgongo laini wa friji unaopendeza dukani haunifurahishi mimi.

Watu huniuliza kama watengenezaji wanafanya makusudi. Iliwahi kutokea, na ushahidi upo: Desemba 1924 pale Geneva, makampuni makubwa ya balbu, Osram na Philips yakiwemo, yalikubaliana balbu isizidi saa 1,000, na aliyetengeneza ya kudumu zaidi alitozwa faini. Lakini kwenye vyombo ninavyofungua mimi, mara nyingi naona kitu kingine: ubahili wa shilingi moja moja. Waya wa mota ya blenda ukiwa wa aluminiamu badala ya kopa ni nafuu, lakini aluminiamu inapitisha stima kama asilimia 60 tu ya kopa, kwa hiyo inapata joto haraka, na ikikatika ni shida kuiunga. Plastiki mahali palipokuwa na shaba. Gundi mahali palipokuwa na skrubu. Umoja wa Ulaya tangu Machi 2021 unawalazimisha wanaouza friji huko kuhakikisha vipuri muhimu vinapatikana angalau miaka 7 baada ya modeli ya mwisho kuuzwa. Sheria hiyo haitufikii sisi, na ndiyo maana swali la kipuri lazima uliulize wewe mwenyewe dukani.

Kwa hiyo mnapokwenda kununua, nendeni na maswali. Angalieni kibandiko cha nyota cha EPRA, mamlaka ya nishati, na msome yuniti kwa mwaka zilizoandikwa, si nyota peke yake. Waranti ya miaka 10 inayoandikwa kwa herufi kubwa mlangoni mara nyingi ni ya kompresa pekee. Ulizeni bodi, gesi na kazi ya fundi vinalipwa na nani mwaka wa tatu. Ulizeni raba ya mlango ya modeli hiyo inauzwa wapi. Muuzaji asipojua jibu, nendeni duka la pili. Kwa nyumba ya mama, ambako fundi wa karibu ni wa Mbale au Luanda, mimi ningechagua friji ya wastani yenye themostati ya kuzungusha kwa mkono na ya kuyeyushwa barafu kwa mkono, kuliko ya vioo na vibonyezo. Atalazimika kuizima na kuyeyusha barafu kila barafu inapojaa, kwa kuacha mlango wazi na beseni la maji moto ndani. Kisu kisikaribie kabisa. Zile mitumba tunazoita ex-UK zinazopangwa kando ya barabara naziogopa kwa friji, kwa kuwa hujui ndani mna gesi gani wala ilisafirishwa imelazwa siku ngapi. Kwa pasi na kuka, nimeona ex-UK nzuri sana.

Televisheni sitachelewa nayo: mpya inashinda kwa stima, kwa uzito na kwa picha, na ikipoteza mwanga mara nyingi ni vitaa vya nyuma ya kioo, vinabadilishwa. Na kama mama bado anapikia jiko la bati tupu la zamani, hilo nalo libadilishwe kesho. Jiko lenye udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, linaokoa karibu theluthi moja ya makaa au zaidi, na ni kitu kilichotengenezwa na mikono ya watu wetu wenyewe.

Friji ya baba msiwape wenye chuma chakavu mpaka gesi iliyobaki, kama ipo, itolewe na fundi mwenye mashine ya kuivuta. Baada ya hapo, kama mama hataki iondoke, iacheni. Itoeni waya na kufuli la mlango ili mtoto asije akajifungia, na aweke unga na sukari mle. Najua si friji tu kwake. Ni kitu alichonunua mume wake kwa jasho, na hakuna anayepaswa kumharakisha.

Na ile pasi. Ukifika, kabla hujaiwasha, fungua plagi yake uangalie nyaya. Ikiwa ya zamani kweli, utaona nyekundu na nyeusi, na inapaswa kuwa na ya kijani inayokwenda kwenye pini ndefu ya juu. Kama ya kijani haipo, mwambie mama asipige nguo akiwa peku kwenye sakafu ya simenti hata siku moja zaidi. Nunua waya mpya wa nyuzi tatu uliovishwa kitambaa, ule wa pasi hasa: kahawia mahali pa nyekundu, buluu mahali pa nyeusi, kijani chenye mstari wa njano kwenye chuma cha pasi na pini ya juu. Tazama bati lake. Ikiwa ni ya wati 1,000, toa fyuzi ya 13 kwenye plagi uweke ya 5. Asipoondoka mezani pasi ikiwa inawaka, mjukuu wake ataipigia sare ya shule.